Mkoa Unaotaka Kuchangamsha Watu Wake Ulipie Mazoezi Kwanza

Mipango ya mikoa kuhusu sanaa hufanana mno. Ukifungua kitabu cha bajeti utakuta ukumbi utakaojengwa, tamasha la siku tatu litakalozinduliwa na mkubwa fulani, na fungu la matangazo. Utakachotafuta bila kukipata ni ujira wa mtu atakayekuwa ndani ya ukumbi huo kila Jumanne jioni, mwaka mzima, pamoja na watu ishirini wanaojifunza kuimba au kuandaa mchezo wao wenyewe. Mtu huyo hakatiwi utepe wala hapigwi picha. Ndiyo maana huachwa nje ya hesabu, na ndiyo maana tamasha likiisha mji hurudi ulivyokuwa.

Hoja yangu ni nyepesi kuisema, ngumu kuitekeleza: kinachochangamsha jamii ni mazoezi, na kazi ya mkoa ni kuyalinda mazoezi hayo. Onyesho ni la siku moja. Mazoezi ni miezi ya watu wasiojuana kukutana mahali pamoja, kusubiriana, kukosea mbele ya wenzao na kusahihishwa, kugombana juu ya mdundo na kupatana. Jirani aliyekuwa akikupita bila salamu anageuka mtu unayemtegemea akushikie sauti ya pili. Uhai wa jamii hutoka hapo. Mkoa unaonunua onyesho bila kulipia mazoezi umenunua nguvu ya soda.

Nianze na majengo, kwa sababu ndiyo yanayomeza fedha. Kila kiongozi anayetaka kujenga jumba la sanaa hutaja Bilbao. Mji huo wa kaskazini mwa Hispania uliishi kwa chuma na meli. Miaka ya 1980 viwanda vikaanguka, mafuriko ya Agosti 1983 yakaongeza msiba juu ya msiba, na vijana wakabaki bila kazi. Serikali za Wabaski, wenyeji wa eneo hilo, zikagharamia jumba la makumbusho la Guggenheim lililobuniwa na Frank Gehry. Likafunguliwa Oktoba 1997, na katika mwaka wake wa kwanza likapokea wageni zaidi ya milioni moja. Tangu hapo viongozi wa kila pembe ya dunia wametaka la kwao.

Wasilolisimulia ni yaliyotangulia. Kabla jumba halijafunguliwa, kazi ya kusafisha mto wa Bilbao ilikuwa imeendelea kwa miaka mingi, treni ya chini ya ardhi ilikuwa imeanza kubeba abiria mwaka 1995, na shughuli za bandari zilikuwa zinasogezwa kutoka katikati ya mji kuelekea baharini. Jumba lilikuja kusimama juu ya kazi hiyo yote. Anayeiga jumba akaacha mto na treni hajaiga Bilbao.

Galicia, jimbo jingine la Hispania hiyohiyo, lilijaribu. Mwaka 1999 msanifu Peter Eisenman alishinda shindano la kubuni Mji wa Utamaduni juu ya mlima Gaiás, pembeni mwa Santiago de Compostela. Mchoro ulikuwa wa majengo sita yanayoinuka na kushuka kama sehemu ya mlima wenyewe. Gharama zikapanda zaidi ya maradufu ya makadirio. Majengo ya kwanza yakafunguliwa mwaka 2011, nchi ikiwa katikati ya mdororo mkali wa uchumi, na mwaka 2013 serikali ya jimbo ikaamua kuachana na mawili yaliyosalia, mojawapo likiwa ukumbi wa muziki. Fikiria jambo hilo: mradi wa utamaduni uliopungukiwa fedha, kisha kilichokatwa kikawa mahali pa kuimbia.

Uingereza nako kuna kisa cha aina hiyo, kidogo zaidi lakini kinachouma zaidi. Huko West Bromwich, mji wa viwanda uliochoka, jumba la sanaa lililoitwa The Public lilifunguliwa mwaka 2008 baada ya kula zaidi ya pauni milioni 60. Mwaka 2013 lilifungwa. Halmashauri haikuweza kuendelea kubeba gharama za kuliendesha, na jengo likageuzwa kuwa mahali pa masomo ya vijana. Huwezi kuwalaumu madiwani waliolifunga peke yao. Fedha za kujenga huchangwa na wengi, maana kila mchangiaji anataka jina lake kwenye kibao cha ukutani. Fedha za umeme, ulinzi, usafi na mishahara hubaki kwa mwenye nyumba peke yake, mwezi baada ya mwezi, na hakuna kibao kinachowekwa kwa ajili ya bili ya umeme.

Kwa hiyo ningeweka sharti moja gumu. Kabla ya tofali la kwanza, mkoa uandike na kutia saini nani atalipa umeme na nani atamlipa mwalimu kwa miaka kumi. Kama hakuna aliye tayari kutia saini, basi tofali lisubiri. Shule hubaki tupu baada ya saa za masomo. Maghala yasiyotumika yapo, kumbi za mikutano hukaa zimefungwa siku tano kwa wiki. Kufungua mlango uliokwisha jengwa ni rahisi mara nyingi kuliko kujenga mlango mpya, ingawa haupendezi kwenye hotuba.

Sasa niende kwenye mfano ninaouona bora kuliko yote, na ambao wanaopanga sanaa za mikoa hawautaji vya kutosha. Kaustinen ni wilaya ndogo ya Ufini yenye watu kama 4,000, mbali na mji mkuu, katikati ya mashamba na misitu. Huko watu wamepiga fidla kwa zaidi ya miaka 250. Ulikuwa muziki wa harusi na wa kuchezesha watu, ukirithishwa nyumba kwa nyumba. Mwaka 1968 wenyeji walianzisha tamasha la muziki wa jadi, nalo linafanyika mpaka leo kila mwezi wa Julai, likivuta makumi ya maelfu ya watu kwenye sehemu ambayo kwa kawaida huwezi kupata foleni hata ukiitafuta.

Msomaji wa haraka atasema: basi tamasha ndilo lililofanya kazi. Tuangalie kinachofanyika miezi kumi na moja mingine. Tangu miaka ya 1980, mpiga fidla na mwalimu Mauno Järvelä amekuwa akifundisha watoto wa huko kwa njia iitwayo Näppäri. Msingi wake ni kwamba hakuna mchujo. Mtoto hafanyiwi majaribio ili ijulikane kama ana kipaji. Wote wanakaa pamoja katika kundi kubwa, na wimbo unapangwa ili aliyeshika fidla mwezi uliopita awe na sehemu yake fupi ya kupiga, pembeni ya aliyepiga kwa miaka minane. Wazazi nao wanakaribishwa kujifunza pamoja na watoto wao. Anayeanza anasikika ndani ya muziki mzuri tangu siku za mwanzo, na mwenye ustadi anajifunza kumbeba anayeanza.

Nimeutazama mpango huo kwa jicho la mtu anayetafuta ujanja uliofichika, na ujanja wenyewe uko wazi kabisa. Katika shule nyingi za muziki, kumi huingia na wawili hutoka. Wale wanane hubaki wakiamini maisha yao yote kwamba sanaa si yao. Kaustinen wale wanane wanabaki ndani. Wengine watakuwa wauguzi, mafundi na wakulima, na bado watapiga fidla. Wakati wa tamasha wao ndio wanaojitolea, wanaopokea wageni, wanaopanda jukwaani, na wao ndio watakaowapeleka watoto wao kwenye mazoezi. UNESCO ilipoingiza upigaji fidla wa Kaustinen katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, Desemba 2021, iliutambua mtindo wa maisha wa kundi zima la watu. Watu 4,000 wanatosha kubeba tamasha la namna ile kwa sababu wengi wao waliwahi kukaa kwenye kundi lile wakiwa na fidla ndogo begani.

Swali linalofuata ni la kiutawala, na hapa ndipo wengi hupita haraka. Kama mazoezi hufanyika kijijini au mtaani, mkoa una kazi gani? Kwa nini tusiwaachie watu wa huko?

Kwa sababu yapo mambo ambayo kijiji kimoja hakiwezi kuyabeba. Kijiji chenye watoto kumi na wawili wanaotaka kujifunza hakiwezi kumwajiri mwalimu. Vijiji vitano vilivyoko kwenye barabara moja vinaweza, kama yupo wa kuviunganisha, kumlipia usafiri na kumhakikishia mkataba wa miaka, badala ya kumwita kwa mradi wa miezi mitatu na kumtelekeza. Vyombo vya sauti, taa, turubai na jukwaa la kubomoa hulala stoo mwaka mzima vikimilikiwa na mji mmoja. Vikimilikiwa na mkoa, vinazunguka. Kuna pia suala la mtu mwenye kipaji aliyekwisha kuwazidi wote wa kwao. Huyo anahitaji pa kwenda bila kuhama kabisa, mahali ambapo mara moja kwa wiki atakutana na wanaomzidi.

Norway ililiona hili ikaliweka kwenye sheria. Tangu mwaka 1997 kila manispaa nchini humo inawajibika kuwa na shule ya muziki na utamaduni kwa watoto na vijana, ama peke yake ama kwa kushirikiana na manispaa nyingine. Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa. Yanaiondolea manispaa ndogo kisingizio cha udogo wake. Haina uwezo wa kuwa na mwalimu wa filimbi? Iungane na jirani. Sheria haikusema "tukipata fedha". Ilisema lazima, kama maji na kama barabara.

Uswidi ilikwenda njia nyingine ambayo nayo inafaa kuangaliwa. Mwaka 1933 iliundwa Riksteatern, taasisi ya kupeleka michezo ya kuigiza nchi nzima ili tamthilia isibaki mali ya Stockholm. Kilichoifanya idumu ni umiliki wake. Ni mali ya vyama vya watazamaji vya wenyeji, zaidi ya 200, kuanzia miji mikubwa hadi sehemu ambazo watu wake wote wangeenea katika ukumbi mmoja. Vyama hivyo ndivyo vinavyochagua mchezo gani uletwe, vinavyotafuta ukumbi na kuuza tiketi. Mtu wa kijijini si mpokeaji wa msaada wa utamaduni kutoka mjini. Ni mwenye mali anayeagiza, na akipelekewa mchezo mbovu ana mahali pa kulalamika panaposikilizwa. Ningependa kila afisa utamaduni wa mkoa alitafakari hilo, kwa sababu tabia ya kawaida ya ofisi hizo ni kuamua wenyewe kipi "kitawafaa wananchi", kisha kushangaa viti vikibaki vitupu.

Je, basi matamasha yafutwe? Hapana. Tamasha lililopangwa vizuri linaweza kuwa sababu ya mazoezi, na Japani ina mfano wake. Katika mkoa wa Niigata kuna eneo la milima liitwalo Echigo-Tsumari, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 760, ambalo majira ya baridi hufunikwa na theluji inayoweza kupita kimo cha mtu. Vijana waliondoka miongo mingi, shule zikafungwa moja baada ya nyingine, nyumba zikabaki bila watu. Miaka ya 1990 serikali ya mkoa ilitaka kuziunganisha manispaa za huko katika mpango wa kuliinua eneo, ikamwita Fram Kitagawa, mzaliwa wa Niigata aliyekuwa akishughulika na sanaa Tokyo. Yeye akapendekeza tamasha la sanaa litakalofanyika kila baada ya miaka mitatu, na kazi zake zitawanywe kwenye mashamba, mabonde na nyumba zilizoachwa, zisikusanywe katika jumba moja.

Madiwani wengi wa huko walimpinga. Kwa nini fedha za umma zitumike kwa vitu ambavyo hata havieleweki? Ilichukua miaka ya mikutano kabla ya tamasha la kwanza kufanyika mwaka 2000, na hata hapo vijiji vingi vilikaa pembeni vikitazama. Na ni mpangilio wenyewe uliovunja upinzani. Msanii aliyetaka kuweka kazi yake kwenye shamba la mpunga ilimbidi akabishe hodi kwa mwenye shamba, aombe ruhusa, aeleze anataka kufanya nini, akataliwe, arudi tena. Vijana wa mijini waliokuja kujitolea walipewa kazi hiyohiyo ya kubisha hodi. Wazee ambao kwa miaka mingi hakuna mgeni aliyewauliza jambo wakawa wenye kauli ya mwisho kuhusu nini kisimame kwenye ardhi yao. Wengi waliishia kushika nyundo na mashoka kumsaidia msanii, na kazi ilipokamilika wao ndio waliosimama pembeni yake kuwaeleza wageni maana yake.

Katika kijiji cha Hachi, shule ya msingi iliyofungwa kwa kukosa watoto iligeuzwa mwaka 2009 kuwa makumbusho ya kitabu cha picha, kazi ya msanii Seizo Tashima, ambayo ndani yake wanafunzi wa mwisho wa shule hiyo wanaonekana wakiwa sanamu za miti na mbegu zilizopakwa rangi. Shule hiyo ingeweza kubomolewa na mahali pake pakasahaulika. Sasa kuna watu wenye kazi ya kuitunza, kupika kwenye mkahawa wake na kupokea wageni.

Tamasha la mwaka 2018 lilipokea wageni zaidi ya laki tano. Hata hivyo idadi ya wakazi wa eneo hilo imeendelea kupungua. Hili lisemwe bila kuzungukazunguka, kwa sababu wapo wanaouza sanaa kama dawa ya kila ugonjwa. Sanaa haikuzirudisha ajira zilizoondoka Echigo-Tsumari wala haikuwarudisha vijana kwa wingi. Ilichofanya ni kuwapa waliobaki sababu ya kutoka nje, wageni wa kuzungumza nao, fahari ya mahali pao na kazi kadhaa ambazo zisingekuwepo. Mimi naliona hilo kuwa jambo kubwa. Lakini mkoa unaoahidi kwamba michoro ya ukutani itafuta umaskini unajitengenezea aibu, na aibu hiyo itakapofika, wa kwanza kunyimwa fedha ni yule mwalimu wa Jumanne.

Hali hiyo inaonekana pia Makhanda, Afrika Kusini, mji uliojulikana kama Grahamstown mpaka mwaka 2018. Tangu 1974 kumekuwa na Tamasha la Taifa la Sanaa huko, mojawapo ya makubwa kabisa barani Afrika. Kwa siku chache za mwaka mji hujaa waigizaji, wanamuziki na watazamaji. Nyumba za wageni hufurika. Lakini mji huohuo umeteseka na mabomba ya maji yaliyokauka na barabara zilizochakaa, na sehemu kubwa ya wakazi wake hawana ajira. Tamasha haliwezi kuziba pengo la halmashauri isiyofanya kazi yake. Bajeti ya sanaa isitumiwe kamwe kufunika bomba lililopasuka.

Nizungumzie fedha za watu kidogo, maana hapa pana dhuluma iliyozoeleka. Katika mradi wa sanaa ya jamii, fundi wa jukwaa hulipwa, mwenye gari hulipwa, mpishi hulipwa, mshauri aliyeandika andiko hulipwa vizuri. Msanii huambiwa atapata "kujulikana". Kisha tunajiuliza kwa nini wenye ustadi huhama mkoa. Ireland ilianza mwaka 2022 kuwalipa wasanii 2,000 euro 325 kila wiki, waliochaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa waliotimiza masharti, bila kudaiwa kazi fulani. Mikoa mingi haina uwezo wa kufika huko, na sidhani kama kila mmoja unapaswa kujaribu. Lakini kima cha chini cha malipo kwa kila saa ya kufundisha au kuongoza mazoezi, kinachotangazwa hadharani na kulipwa kwa wakati, kipo ndani ya uwezo wa mkoa wowote wenye bajeti ya matangazo.

Upo pia ubaya wa mafanikio. Mtaa ukichangamka, kodi hupanda. New York, mtaa wa SoHo ulikuwa wa viwanda vilivyohamwa. Wasanii wakaingia kwa sababu nafasi ilikuwa kubwa na kodi ndogo, na mwaka 1971 sheria ikawaruhusu kuishi humo. Baada ya miongo michache mtaa ukawa wa maduka ya kifahari na nyumba ambazo msanii anayeanza hawezi hata kuziota. Dawa yake si siri: majengo ya mazoezi yamilikiwe na umma au na vyama vya wenyeji wenyewe, au yawe na mikataba mirefu isiyobadilishwa na soko. Inapaswa kufanyika mapema, mtaa ukiwa bado hautamaniki. Baada ya hapo bei haikamatiki.

Kuhusu ushahidi, tusidharau uliokwisha kusanywa. Mwaka 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 juu ya sanaa na afya, ikakuta mchango wake katika kuzuia maradhi, katika matibabu, na katika afya ya akili. Tatizo langu liko kwenye namna mikoa inavyojipima. Inahesabu vichwa mlangoni. Mtu aliyekaa dakika kumi akaondoka anahesabiwa sawa na mama aliyekuja kwenye kwaya kila wiki kwa miaka miwili baada ya kufiwa. Ningeuliza mambo mengine: wangapi kati ya walioanza Januari bado wanakuja Desemba? Wangapi walioanza kama wanafunzi sasa wanaongoza kundi? Je, kundi lilikutana hata mwezi ambao ruzuku ilichelewa? Majibu yake hayaonyeshi vizuri kwenye chati, lakini yanatenganisha jamii iliyo hai na mkusanyiko wa watu.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni uhuru. Watu wanaofanya mazoezi pamoja kwa miezi sita huanza kusema. Wakitunga mchezo wao, watatunga kuhusu ardhi, ujira, maji, polisi, hospitali isiyo na dawa. Mkoa uliotaka uchangamfu utapata uchangamfu huo ukiwa umeelekezwa kwake.

Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya, ilionyesha hili kwa namna isiyosahaulika. Mwaka 1976 wanakijiji wa kituo cha jamii cha huko, wengi wao vibarua na wakulima wadogo, walianza na masomo ya kusoma na kuandika, kisha wakaingia kwenye tamthilia kwa lugha yao ya Kikuyu wakishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wa kukaa watu wapatao 2,000. Mazoezi yalifanyika hadharani. Mpita njia aliweza kusimama, kusikiliza, na kumsahihisha mwigizaji: mzee hasemi hivyo, wimbo ule hauimbwi hivyo. Kwa hiyo mchezo ulipooneshwa Oktoba 1977, maelfu waliuona kama wao, maana walishiriki kuutengeneza. Mwezi wa Novemba kibali kikafutwa. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila mashtaka. Mwaka 1982, kundi lilipojaribu tena, ukumbi ulibomolewa.

Hakuna mradi wa sanaa ya jamii uliofanikiwa zaidi ya ule kwa kipimo chochote cha haki. Kijiji kilikuwa kimechangamka kwa kiwango ambacho mipango yetu yote ya leo inaahidi. Na serikali iliuvunja kwa sababu hiyo hasa.

Lakini kuna njia nyingine ya kuupokea uchangamfu wa namna hiyo. Augusto Boal, Mbrazili aliyeasisi tamthilia ambayo mtazamaji husimamisha onyesho, hupanda jukwaani na kuonyesha yeye angefanya nini, alichaguliwa kuwa diwani wa jiji la Rio de Janeiro na kuhudumu kuanzia mwaka 1993 hadi 1996. Aliingia barazani na waigizaji wake. Vikundi vya wakazi wa mitaa duni, wazee, watu wenye ulemavu na wafanyakazi vilicheza matatizo yao. Wanasheria wa ofisi yake walikaa wakiandika kilichojitokeza na kukigeuza kuwa miswada. Sheria 13 zilipitishwa kwa njia hiyo, mojawapo kuhusu huduma kwa wazee hospitalini.

Mkoa hauhitaji Boal ili kuanza. Unahitaji kuandika katika mkataba wake na kila kikundi unachokifadhili mambo mawili: kwamba maneno ya mchezo hayapelekwi ofisini kukaguliwa kabla ya kuoneshwa, na kwamba mchezo ukihusu maji, mhandisi wa maji wa mkoa atakuwepo, atakaa mpaka mwisho, atajibu maswali papo hapo, na ndani ya siku thelathini atarudi mahali palepale, mbele ya watu walewale, kueleza nini kimefanyika.